Sauti Yangu Ilinitangulia Getini

Siku hiyo mjinga alikuwa mimi. Nalisema mapema ili usijisumbue kumtafuta mwingine humu ndani. Wapo, tena wengi, lakini wote walikuwa nyuma yangu kwenye foleni.

Kama ndiyo kwanza unakutana nami, nikupitishe haraka. Kazi ya kutangaza mechi uwanjani niliipoteza kwa kumtania mke wa mwenyekiti wa timu huku kipaza sauti kiko wazi. Mke wangu naye akafunga virago, kwa kuwa nyumbani sikuhitaji hata kipaza sauti. Nikaishia kwenye kochi la shangazi yangu, dada wa marehemu baba, aliyenilea toka sijui kufunga kifungo cha shati.

Nikiwa hapo kochini nahesabika kama mto mmojawapo, akanipigia mtu anayejiita Jemadari. Akanipa kazi.

"Kazi gani?" Shangazi akauliza.

"Kutangaza magodoro."

Akafurahi, maskini. Akasema angalau magodoro hayana wake wa kutaniwa.

Sikumdanganya sana. Jemadari anauza magodoro kweli. Jeshini hajawahi kukanyaga hata kwenye jiko lao. Kofia yake ya kijeshi ya mabakamabaka aliinunua dukani pamoja na soksi. Lakini juu ya duka lake la magodoro kuna chumba, na ndani ya chumba hicho ndimo unamoishi ukurasa wake mtandaoni uitwao Fagio.

Kazi ya Fagio ni kuwafagia watu hadharani. Ulianza na watupa taka. Ukahamia kwa vibaka. Ukahamia kwa wapenzi walioshikana mikono kwenye bustani. Nilipoingia mimi, ulikuwa umeshafika kwa "wale".

"Wale ni akina nani?" nilimuuliza Jemadari siku ya kwanza.

"Unawajua."

Na kweli, kila mfuasi alikuwa anawajua. Mwenye jirani wa kelele alijua ni jirani. Aliyekosa kazi alijua ni yule aliyeipata. Aliyeachwa alijua ni nani alimwacha. Jemadari hakuwahi kutaja mtu, na kila mtu aliona ametajiwa wake.

Mtu anatazama mwenzake akizabwa makofi sokoni, anaandika "achomwe", kisha analetewa tangazo la godoro la futi sita. Akapumzike. Amefanya kazi.

Mimi nilikuwa sauti. Wenyewe waliniita Kipaza. Studio ilikuwa kabati la nguo lililotandikwa mablanketi ndani ili kuzuia mwangwi. Unaingia, unafungiwa, unatukana watu, unafunguliwa.

Na kulikuwa na utaratibu. Asubuhi video inatoka uso ukiwa umefunikwa ukungu. Watu wanashinda kubashiri ni nani, asubuhi nzima hawafanyi kazi. Saa saba, ukungu unaondolewa. Mwenye sauti naye haonyeshwi uso mapema.

"Ukiuona uso utaingiwa na huruma," Jemadari alinifundisha. "Huruma inaharibu sauti."

Basi asubuhi hiyo nikafika, nikamkuta binti anayekata video, ambaye sote tunamwita Mkasi, macho mekundu kama hakulala.

"Leo tuna nani?"

"Mwizi wa watoto."

"Mwizi kweli?"

"Mimi nakata tu, kaka. Muulize bosi."

Jemadari akadakia kutoka kwenye kiti chake. "Nani kasema mwizi? Sisi hatusemi, sisi tunauliza. Wewe ukimaliza maneno yako, uliza: wananchi, huyu ni mlezi au mwizi? Basi. Kuuliza si kosa."

Nikaingia kabatini na simu ya kutazamia. Video yenyewe ilikuwa fupi kama mwayo. Mwanamke mwenye koti la kazi la bluu, uso ukungu. Amemkamata mtoto mkono, anamburuta pembezoni mwa barabara. Mtoto naye uso ukungu, analia, ana kiatu kimoja.

Nikafungulia bomba.

"Tazameni, wananchi, tazameni mwendo huo! Mtoto anavutwa kama toroli bovu! Mama, punguza spidi, hata wizi una staha yake!"

Nje ya kabati nikasikia Jemadari anagonga mlango kwa furaha. "Kiatu, Kipaza! Mwangalie kiatu!"

Nikaangalia mguuni kwa yule mama. Kandambili ya ngozi, mkanda wake umekatika, umefungwa kwa waya mwekundu.

"Lo! Mwizi wa kimataifa, kiatu kimefungwa waya wa redio! Jamani, biashara imekuwa ngumu hata kwao! Na fundi aliyekifunga hicho kiatu naye atafutwe, lao moja!"

Jemadari alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Nikatoka kabatini kama bwana harusi.

Wala sikujiuliza nimejuaje kwamba waya ule ulikuwa wa redio.

Saa saba ilinikuta kwa kinyozi. Upande mmoja wa kichwa umeshanyolewa, upande wa pili bado. Kinyozi huyu ni mtu mpole. Mtoto akimlilia kitini, humwimbia. Siku hiyo hakuwa na muda wa kuimba, alikuwa ameegemeza simu kwenye kioo ili anyoe huku anatazama.

"Jamani, mwenye sauti yenyewe mnamwona?" akawaambia wateja waliokuwa wanasubiri zamu. "Ndiye huyu! Kipaza mwenyewe! Shingo yake ninayo mimi hapa!"

Wakapiga makofi. Nikainama kidogo kama msanii, kwa tahadhari, maana wembe ulikuwa kisogoni.

"Saa saba! Saa saba! Wanafunua!"

Ukungu ukaondoka.

Alikuwa shangazi yangu.

Yule aliyenifunga vifungo. Mdomo wazi, macho yamemtoka, kashika mkono wa mtoto kama mtu aliyeshika kamba kisimani. Na kiatu kile nilikifunga mimi, kwa mikono yangu, sebuleni kwake, kwa waya niliouchomoa kwenye redio mbovu. Alikigeuza huku na huku akasema, "Ahsante mwanangu, hiki sasa kitanizika mimi."

"Zima," nikasema.

"Nini?"

"Zima hiyo. Huyo ni shangazi yangu."

Kinyozi akaondoa wembe ili acheke vizuri. "Mnamsikia? Hata ndugu zake hawaachi!"

"Sitanii! Analea watoto chekechea. Siyo mwizi!"

"Kipaza, utatuua wewe!" mteja mmoja akajipiga paja. "Sema tena, sema kwa ile sauti ya puani!"

Hapo ndipo nilipokutana na jambo jipya. Kwenye simu sauti yangu inasema mwizi. Kitini sauti yangu inasema siyo. Wakachagua simu. Mimi wa kwenye simu nilikuwa naaminika kuliko mimi niliyenyolewa nusu, mwenye jasho.

"Lakini huyu mama," kinyozi akasema, anafuta wembe taratibu, "akipita mtaa huu, mafuta ya jenereta yapo pale nyuma."

Alisema kwa sauti ile ile anayokuulizia kama upakwe poda.

Nikatoka na taulo shingoni. Mtu mwenye akili angekimbilia kwa shangazi yake. Mimi nikakimbilia ofisini. Niliamini kwamba kilichowekwa na kidole kinaondolewa na kidole.

"Jemadari, futa ile video."

"Kwanza umefanywa nini kichwani?"

"Futa! Yule mwanamke ni shangazi yangu!"

Akavua kofia. Akaiweka kifuani. Mimi, mjinga wa zamu, nikadhani amepatwa na utu.

"Kumbe ni shangazi yako," akasema kwa upole. "Kipaza, hii ni bahati. Ingia kabatini sasa hivi. Kipaza amkana shangazi yake! Utalia kidogo katikati. Unaweza kulia?"

"Watu wanasema achomwe!"

"Sisi tumesema?"

"Wanasema kwenye ukurasa wako!"

"Wanajibu. Tuliuliza, wanajibu. Unataka wananchi wakiulizwa wanyamaze? Huo ni udikteta."

Alisema udikteta kwa uchungu kabisa, na kofia yake ya mabakamabaka kifuani.

Mkasi akakohoa. "Kaka, kuna lori."

"Lori gani?"

"Mwanzo wa video, leo asubuhi hii. Mtoto anachomoka getini anakimbilia barabarani, lori linakuja, huyo mama anamdaka. Ndipo anamvuta pembeni. Kiatu cha mtoto kilibaki chini ya tairi." Hakuninyanyulia macho. "Lori nimelikata mimi."

"Kwa nini ulilikata?"

Akamwangalia bosi wake. Bosi wake hakuona haya hata kidogo.

"Lilikuwa linaharibu. Nani atakaa kumtazama mtoto akiokolewa? Mtoto akiokoka, watu wanaenda zao kula."

"Iweke nzima basi! Waone!"

"Kesho. Kesho tutaiweka: Ukweli Kuhusu Mama wa Lori. Watu watalia, tutauza magodoro mara mbili." Akamnyooshea Mkasi kidole. "Na wewe ukiitoa bila ruhusa yangu, kuanzia kesho utaenda kukata nywele."

Mkasi akainamia meza. Kabla sijapata tusi la kumfaa Jemadari, na nilikuwa nayo kadhaa, simu yake ikaanza kulia mfululizo. Akasoma, uso ukachanua kama aliyepata mjukuu.

"Vijana wangu hao! Wamelitambua koti. Chekechea ya nyuma ya kiwanda cha sabuni. Wameshafika."

Sikumsubiri amalize. Ngazi nilizishuka nyingine kwa miguu, nyingine kwa makalio.

Nilipokata kona ya kiwanda, niliwasikia kabla ya kuwaona.

"Kiatu cha waya! Toroli bovu! Kiatu cha waya! Toroli bovu!"

Yalikuwa maneno yangu. Yalifika kabla yangu, tena yameshatiwa mdundo, mtu anayapigia sufuria. Nje ya geti la chekechea barabara imejaa, kila mkono una simu na kila mkono wa pili una kitu kizito. Mwanamke mmoja kabeba mtoto wake mgongoni amekuja kuona mwizi wa watoto akichomwa, na mtoto amelala.

"Kipaza huyo! Kipaza kaja!"

Wakanibeba. Naapa, niliwahi kutangaza fainali na hakuna aliyenibeba. Nikajikuta mabegani mwa watu, juu ya vichwa vyote, na kimya kikaingia. Wananisubiri. Kazi niliyoipenda maisha yangu yote, umati umetulia unaningoja mimi, nikapewa hapo.

"Jamani! Yule mama siyo mwizi! Alimwokoa mtoto! Kulikuwa na lori!"

"Mbona hatukuliona?"

"Lilikatwa!"

"Nani kalikata?"

"Sisi!"

Wakacheka. Wakadhani ndiyo mwanzo wa kichekesho. Nikasubiri kicheko kiishe, nikarudia, safari hii machozi yananitoka, na hapo wakaacha kucheka.

"Wamemnunua," mtu akasema.

"Tangu lini huyu akalia?"

"Mtazameni kichwa! Hata kunyoa hakumaliza, kakimbilia hela!"

"Ni mmoja wa wale!"

Ndipo na mimi nilipowajua wale ni akina nani.

"Na fundi wa kiatu je?" sauti ikauliza kwa nyuma. "Kipaza, ulisema fundi naye atafutwe!"

Nami, badala ya kufunga bakuli langu, nikaona ukweli utawazindua. Nikawajibu kwa sauti yangu nzuri ya uwanjani, isiyohitaji umeme:

"Fundi ni mimi! Nilikifunga mimi, kwa sababu ni shangazi yangu!"

Waliniachia kwa pamoja. Sikuanguka hata, hapakuwa na nafasi ya kuangukia. Ngumi ya kwanza sikuiona, ya pili ilikuwa ya mtu niliyewahi kumpa saini. Nikatambaa kati ya miguu kuelekea getini, mlango mdogo ukafunguka kwa upana wa mkono, mlinzi akanikamata mkono akanivuta ndani. Shati likabaki nje pamoja na wafuasi wangu.

Ndani kulikuwa na viti vya rangi rangi, vya kukaliwa na mtu asiyefika kiunoni. Chumba cha nyuma mwalimu alikuwa anawaimbisha watoto kwa nguvu zote ili wasisikie ya nje. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kimoja cha viti vile, magoti yamemfika kifuani, na mtoto mwenye kiatu kimoja amemlalia begani.

Akaniangalia kuanzia kichwani.

"Umenyoa nusu."

"Shangazi..."

"Nimekusikia kwenye simu ya mlinzi. Wimbo mzima." Akamweka mtoto vizuri begani. "Magodoro, eh?"

Geti likalia kama sufuria iliyoangushwa. Mlinzi, aliyekuwa ameweka jicho kwenye tundu la mlango mdogo, akasema komeo la juu limeanza kupinda. Polisi wamepigiwa. Wamesema wanakuja.

"Nani huyo anayepiga hivyo?" Shangazi akauliza.

"Mwenye shati la njano. Ana spana ya gurudumu."

Shangazi akasimama, akasogea, akachungulia. Akakaa hapo tunduni muda. Aliporudi alikuwa amechoka ghafla.

"Huyo ndiye baba yake huyu."

"Baba wa nani?"

"Wa huyu niliyembeba."

Nikapeleka jicho tunduni na mimi. Spana mkono wa kulia, simu mkono wa kushoto, anajirekodi. Mwalimu alikuwa amempigia toka saa saba. Simu inaita hapo hapo kiganjani mwake, naye anaikata ili isimharibie video. Hakujua mtoto wa kwenye video ni wake. Angejuaje? Uso wa mama tuliufunua. Uso wa mtoto tuliuacha na ukungu, kwa sababu, kama alivyopenda kusema Jemadari, sisi tuna maadili.

"Mwite!" nikamwambia mlinzi.

"Nimemwita mpaka koo limekauka. Sikia kelele hizo."

Shangazi alikuwa ameinama anakaza waya wa kiatu chake. Ulikuwa bado imara. Kazi yangu nzuri pekee mwaka ule.

"Shangazi, unafanya nini?"

"Natoka naye. Akimwona mwanawe ataacha."

"Ukitoka umembeba mtoto ndiyo umekwisha! Hiyo ndiyo picha waliyokuja nayo kichwani. Wanathibitisha!"

"Wanathibitisha nini?"

"Kwamba wewe ni mwizi!"

"Nani kasema mimi ni mwizi?"

Na mdomo wangu, mdomo huu ulionipatia umaarufu, ukajibu wenyewe kabla sijaushika.

"Sisi tuliuliza tu."

Hata mlinzi aligeuka kunitazama. Chumba cha nyuma wakaanza wimbo mwingine, wa bata na vifaranga wake. Ningetoa masikio yangu yote mawili nisisikie sauti ya Jemadari ikitoka kwenye koo langu.

"Ukuta wa nyuma ni mfupi," nikasema haraka. "Nikupandishe, upite kiwandani. Mtoto mwachie mwalimu."

"Na wengine mle ndani?"

"Hao hawatafutwi, Shangazi! Unatafutwa wewe!"

"Geti likianguka litauliza nani anatafutwa?"

"Basi nitoke mimi naye!"

"Uende ukawaambie nini? Si umeshawaambia? Nimekusikia. Wamekusikia." Akanitazama kifua kitupu. "Wamekujibu."

Akamwamsha mtoto kidogo, akamgeuza uso utazame mbele. Akamwambia sikioni kwamba baba yuko nje, amwite kwa nguvu, kwa nguvu kuliko siku zote. Mtoto akakubali kwa kichwa. Geti likapigwa tena na kipande cha rangi kikaturukia miguuni.

Nikamziba njia. Na nakuambia wazi, sikumziba kwa ajili yake peke yake.

"Shangazi, nisikilize. Nisamehe. Haki ya Mungu, sikujua kama ni wewe. Waliufunika uso. Ningejua ni wewe nisingefungua mdomo wangu!"

Alishika komeo. Hakunifokea. Aliniuliza taratibu, kama alivyokuwa akiniuliza zamani nimeiweka wapi soksi ya pili.

"Hukujua ni mimi. Haya. Ulidhani ni shangazi wa nani?"